Kiangazi cha Ng'ombe Wanne

Jumapili, 8 Juni

Leo Rutayisire, mdogo wangu, amekuja na mnunuzi. Hakusema kwamba ni mnunuzi. Alisema ni rafiki yake wa ofisini anayependa hewa yetu ya Ndera, nje kidogo ya Kigali. Huyo rafiki hakuvuta hewa yoyote. Alitembea kutoka mpaka mmoja wa kiwanja hadi mwingine akiwa ameishika simu mbele yake, akipima, na alipofika bandani akaziba pua.

"Dada," Rutayisire akaniambia walipomaliza, "hapa pamekuwa mjini. Tazama pande zote. Magorofa. Umebaki wewe tu na ng'ombe katikati ya watu."

"Ng'ombe walikuwa hapa kabla ya hao watu."

"Wanakula kuliko wanavyoleta. Nimekupigia hesabu."

Na kweli alikuwa ameipiga. Majani, pumba, chumvi, dawa, maji, mshahara wa Salvator, mkamuaji wangu. Upande wa pili kitu kimoja, maziwa. Nikamwambia amesahau samadi na ndama. Akaongeza samadi na ndama, akanionyesha tena. Bado upande wa kwanza ulikuwa mzito.

Kiwanja ni chetu sote wawili. Baba alituachia hati moja yenye majina mawili, na bila sahihi yangu hakiuzwi. Keith, mwanawe Rutayisire, amepata nafasi ya chuo kikuu huko Poland, na karo haimsubiri mtu. Namwelewa. Lakini sitii sahihi.

Nimeamua kukiandika kiangazi hiki chote. Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishiwa kuandika, kule Karagwe, Tanzania, tulikokulia. Kinyarwanda changu ni cha mdomo. Nataka Septemba mtu akiniambia mambo yalikuwa hivi au vile, niwe na la kumjibu.

Jumatatu, 9 Juni

Ng'ombe wote wazima. Bihogo, Gaju na Kibibi wanakamuliwa; Sugi ana mimba, amepumzishwa. Salvator amewaimbia nyimbo za kwaya yake ya Bujumbura. Anasema bila wimbo Kibibi hashushi maziwa. Nadhani ni yeye asiyeweza kukamua bila wimbo.

Alhamisi, 12 Juni

Silvère amepunguza bei.

Silvère ndiye anayenunua maziwa ya kilima hiki kizima. Kila asubuhi anapita na pikipiki yenye madumu, anakusanya, anapeleka mjini. Leo aliizima pikipiki, jambo ambalo hafanyi.

"Mama Shimwa, kiangazi hiki ni kibaya. Mahoteli hayana wageni. Lita naishusha kutoka faranga mia nne hadi mia tatu thelathini. Si wewe peke yako, ni wote."

Nilikubali. Ni mtu aliyebeba jeneza la mume wangu. Mwezi ule wa msiba alinilipa maziwa ambayo ng'ombe walikuwa hawajayatoa. Mtu kama huyo akisema mahoteli hayana wageni, basi hayana wageni.

Jumamosi, 14 Juni

Mzigo wa majani umepanda bei tena. Bondeni tulikokuwa tukikata bure wamezungushia mabati ya ujenzi.

Jumanne, 17 Juni

Athanasie, mkuu wa mtaa wetu, amekuja akiwa na uso wa kazi. Ameletewa malalamiko: nzi, harufu, shimo la samadi liko karibu na ukuta wa watu. Hakutaja jina la mlalamikaji, lakini ukuta uliopo ni mmoja, ule mweupe, na nyuma yake anakaa yule mama aliyehamia mwaka jana, Annick. Watu wanasema alikulia Burundi, anafanya kazi ya uhasibu mjini. Mimi namjua kwa gari lake tu, linavyofunga vioo likikaribia banda langu.

"Ana haki ya kulalamika," Athanasie alisema.

"Na mimi nina haki ya kufuga. Ng'ombe wangu wako ndani ya banda, hawatoki, kama sheria inavyotaka."

"Shimo, Mama Shimwa. Mimi nazungumzia shimo."

Kuhamisha shimo ni sementi, ni mafundi, ni wiki mbili za maziwa. Nimemwambia nitaliangalia. Kuliangalia naliangalia kila siku.

Ijumaa, 20 Juni

Vumbi. Majani yamekuja makavu, Gaju ameyanusa akanitazama kama mimi ndiye niliyeyakausha.

Jumamosi, 28 Juni

Umuganda, kazi ya pamoja ya kila mwisho wa mwezi. Tulikuwa tunazibua mfereji wa barabara, na nilipoinua kichwa nikakuta anayefukua mbele yangu ni Annick, amevaa buti mpya za mpira na anashika jembe kama anavyoshika mtu kikombe cha chai.

"Wewe ndiye mwenye ng'ombe," akasema.

"Wewe ndiye mwenye pua."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Aliniambia mtoto wake mdogo ana pumu, na kwamba hakuja Ndera kugombana na mtu, alikuja kwa sababu hapa ndipo mkopo wa benki ulipomfikisha. Nikamjibu kwamba mimi benki haikunifikisha popote, nilipo ni pa baba yangu. Tukaendelea kufukua, kila mmoja akimrushia mwenzake udongo zaidi kidogo kuliko inavyostahili.

Jioni nimefikiria ile pumu. Nimekasirika kwamba aliniambia. Ilikuwa rahisi zaidi alipokuwa gari.

Ijumaa, 4 Julai

Sikukuu ya Ukombozi. Rutayisire alikuja na nyama na karatasi za mnunuzi. Tumekula nyama.

Jumatano, 9 Julai

Asubuhi Salvator aliacha kuimba katikati ya wimbo. Nikajua.

Nilimkuta amechuchumaa chini ya Gaju, kiganja wazi, na kwenye kiganja maziwa yaliyotoka na mabonge, mengine yana rangi ya damu. Kiwele kimevimba upande mmoja, kina moto kama chungu. Gaju alikuwa anarudisha mguu nyuma kila akiguswa.

Armel, daktari wa mifugo, alifika kabla ya saa sita. Ni kijana mwenye haraka lakini mikono yake haina haraka. Alikamua upande ule hadi ukaisha, akachoma sindano, akanifundisha kuendelea na dawa. Kisha akanitazama machoni.

"Maziwa yake yasinywewe na mtu. Si ya upande mbovu tu. Yote. Hadi dawa iishe na siku za kusubiri baada yake zipite. Hata ndama usimpe."

"Nimeelewa."

"Wote wananiambia wameelewa," akasema, akafunga mkoba wake.

Gaju ndiye anayetoa maziwa mengi kuliko wenzake. Bei imeshuka, majani yamepanda, sindano imelipwa, na sasa theluthi na zaidi ya maziwa inaingia shimoni. Hesabu ya Rutayisire ilikuwa na nafasi ya "dawa". Haikuwa na nafasi ya hili.

Ijumaa, 11 Julai

Nataka niandike polepole ili nisikosee maneno ya mtu.

Silvère aliinua dumu langu, akalitikisa.

"Leo jepesi."

"Gaju amechomwa sindano. Yake namwaga."

Alicheka, si kwa ubaya, alicheka kama mtu anayemsikia mtoto. "Mama Shimwa, changanya. Gaju mmoja ndani ya maziwa ya kilima kizima, nani ataonja dawa?"

"Dawa haionjwi."

"Basi shida iko wapi?"

Nilidhani anatania. Nikasubiri amalize utani. Hakumaliza.

"Unadhani ng'ombe wa wenzako hawaugui?" akasema. "Umesikia nani anamwaga? Wanachanganya wote. Mimi najua, nanyamaza, watu wanakula. Ukimwaga wewe, wenzako waonekane kuwa ni nini?"

"Unajua, na unapokea?"

"Kiangazi hiki nahitaji dumu lijae. Ukiniletea nusu, nitakuhesabia kama mkulima wa nusu. Bei itashuka tena kwako."

Miaka yote hii nilimwona Silvère kama ukuta niliouegemea. Leo niliona kwamba ukuta nao ulikuwa unaniegemea mimi.

"Ishushe," nikamwambia. "Ya Gaju hupati."

Akaondoka na dumu la nusu. Nikachukua ndoo ya maziwa ya Gaju, nikaenda shimoni, lile lile shimo la malalamiko, nikamwaga. Sikumwachia Salvator kazi hiyo. Maziwa yalikuwa na povu bado. Sijawahi kumwaga maziwa kwa mkono wangu. Kwetu hata tone likianguka mtu anaweka kidole. Nilisimama pale na ndoo tupu mkononi.

"Kwa nini unayamwaga?"

Alikuwa Annick, juu ya ukuta wake, amepanda kitu. Nilitaka kumwambia ateremke asije akavunjika, badala yake nikamwambia ukweli: ng'ombe mgonjwa, sindano, siku za kusubiri.

Aliinama kulitazama shimo. "Na wengine wanamwaga?"

"Uliza duka unakonunua."

"Watoto wangu wanakunywa maziwa kila jioni," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mferejini. Kisha akapotea nyuma ya ukuta.

Jumapili, 13 Julai

Baada ya misa nilimweleza Ngabo, anayefuga ng'ombe wawili upande wa pili wa kilima, kile Silvère alichoniambia. Sikunong'ona. Ngabo alitazama viatu vyake. Wengine walisogea wasikie, wengine wakasogea mbali wasisikie. Najua sasa ni akina nani wanachanganya.

Jumatatu, 14 Julai

Silvère amepita bila kusimama. Hata hakupunguza mwendo.

Jumanne, 15 Julai

Amepita tena. Salvator alisimama barabarani na dumu mkononi. Vumbi lilimfunika yeye na dumu.

"Mama, tufanye nini?"

"Tugandishe."

Tuna maziwa mgando kwenye kila chombo chenye mfuniko.

Jumatano, 16 Julai

Nimekwenda Batsinda kwa binamu yangu kumpelekea maziwa mgando, na wakati wa kurudi kiu ikanikamata. Nikaingia kwenye duka la maziwa, mojawapo ya yale ya vikombe vikubwa. Nikaagiza kikombe cha moto. Nikauliza bei.

"Mia tano."

Kikombe ni nusu lita. Nilikaa na kile kikombe mpaka kikapoa. Nina umri wa miaka hamsini na mitatu, nimekamua tangu nikiwa na meno ya utoto, na leo ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kununua maziwa. Nilijua bei ya pumba, ya chumvi, ya sindano, ya kamba. Bei ya maziwa niliijua upande wa ndoo tu. Upande wa kikombe sikuwahi kuuliza.

Lita moja, elfu moja. Na watu walikuwa wamejaa. Dereva wa pikipiki, mafundi, wanafunzi wawili wakigawana kikombe na mandazi. Nikamuuliza msichana wa duka kama kiangazi hiki bei imeshuka.

"Kushuka? Mama, imepanda. Maziwa hayapatikani."

Nikarudi Ndera nimekaa nyuma ya pikipiki, midomo imefungwa, nisije nikasema kwa sauti neno ambalo dereva angedhani namwambia yeye.

Alhamisi, 17 Julai

Nimeuza maziwa langoni kwa majirani watatu. Kabla ya mchana Athanasie amefika. Kuna mtu amepiga simu kwamba nauza maziwa mabichi bila kibali. Mtu huyo ana pikipiki, nimemwambia. Athanasie hakukana, ila sheria ni sheria: chumba chenye vigae, maji yanayotiririka, jokofu, maziwa yachemshwe, mkaguzi apite.

"Silvère ana vigae kwenye pikipiki yake?" nikamuuliza.

"Usinitie majaribuni, Mama Shimwa," akasema. Lakini alinunua mgando. Alilipa.

Jumapili, 20 Julai

Annick amebisha lango langu. Mara ya kwanza. Nilimpa kiti nje, mbali na banda, nisije nikaonekana namwadhibu.

Mwanamke huyu hazunguki. Alisema mbele ya nyumba yake, upande wa barabara, kuna chumba alichokijenga kwa ajili ya duka la dawa, na mwenye duka la dawa alimkimbia. Kina vigae. Kina maji. Kimekaa kitupu na benki haijali kama kimekaa kitupu.

"Nakupangisha," akasema. "Uza maziwa yako humo. Lakini nina masharti. Shimo la samadi lihame, liende upande wa chini, lifunikwe. Na maziwa ya ng'ombe mwenye sindano yasiingie dukani hata siku moja. Nikisikia, nakutoa siku hiyo hiyo."

"Ulinilalamikia kwa mkuu wa mtaa."

"Nilikulalamikia, na nitakulalamikia tena shimo lisipohama. Nilidhani wewe ni mtu usiyejali. Kisha nikaona unamwaga."

Tulibishana juu ya kodi hadi chai ikaisha. Anabana kama koleo. Mimi nilibana pia. Mwishoni mwezi wa kwanza ni bure, miezi inayofuata ni nafuu kidogo kuliko alivyotaka na ghali kidogo kuliko nilivyotaka. Alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni mwa banda, akaziba pua, akamtazama Sugi kwa muda mrefu.

"Ana mimba?"

"Ana mimba."

"Maskini," akasema, kwa sauti ya mtu aliyezaa.

Alhamisi, 24 Julai

Rutayisire amekasirika kuliko nilivyomwona tangu utoto.

"Wewe huna hela ya majani, unafungua duka!"

"Sina hela ya majani kwa sababu mtu mwingine anakula duka."

Nilimweleza: ndoo, kikombe, na yule anayekaa katikati. Alisikiliza, ni mtu wa hesabu, niliona macho yake yanakokotoa. Lakini karo ya Keith bado ipo, na mimi nimeikalia nusu yake na ng'ombe juu yake.

"Basi nilipe," akasema. "Nusu ya kiwanja ni yangu. Nilipe kodi kama mpangaji yeyote. Kila mwezi. Ukishindwa mwezi mmoja, unatia sahihi."

Alidhani nitalia. Baba angesikia kwamba kaka anamtoza dada kodi juu ya udongo wake, sijui angesema nini.

"Niandikie kiasi," nikamwambia.

Alitaja kiasi. Si kidogo. Nikampa mkono. Alikuwa yeye aliyesitasita.

Jumanne, 29 Julai

Nimemuuza Kibibi.

Jokofu, masufuria makubwa, vikombe, meza, shimo jipya. Hakuna njia nyingine. Benki ilitaka hati, na hati ina majina mawili. Kati ya wanne, Sugi yuko karibu kuzaa, Gaju bado ana kovu la kiwele na hakuna atakayempa bei, Bihogo ni mzee. Anayeuzika ni Kibibi, mchanga, mzima, mwenye madoadoa yanayompendeza kila mtu.

Aliyemnunua ni mama mmoja, mwalimu wa Rwamagana, aitwaye Mukunde. Alimpapasa mgongo kwanza kabla ya kutazama kiwele, na hilo lilinitosha. Tulibishana, akaongeza. Salvator alimwambia kwamba Kibibi anapenda kuimbiwa. Mama wa watu akauliza, wimbo gani? Salvator akamwimbia ubeti wote, amesimama pale barabarani mbele ya gari la mizigo, na Mukunde akaurudia mpaka akaushika.

Gari lilipoondoka Kibibi aliita mara moja. Bihogo akamjibu kutoka bandani.

Salvator hakula mchana. Mimi nilikula, kwa makusudi.

Ijumaa, 1 Agosti

Umuganura, sikukuu ya mavuno. Watu wanakunywa maziwa wakishukuru. Yangu yako kwenye vyombo vya majirani, nimeyagawa bure. Kugawa hakuhitaji kibali.

Jumatano, 6 Agosti

Shimo jipya limekamilika. Lina mfuniko. Annick amekuja kulikagua kama analinunua. Armel amempima Gaju, amesema kwa sasa ni safi.

Jumanne, 12 Agosti

Mkaguzi amekataa duka. Sinki ni moja, zinatakiwa mbili, na mlango hauna wavu wa nzi. Kwenye karatasi akaongeza nisikate tamaa. Nikamwambia hilo neno "tamaa" alitoe kwenye karatasi, aniandikie sinki na wavu.

Jumanne, 19 Agosti

Amekubali.

Ijumaa, 22 Agosti

Sugi amezaa mchana wa leo, kwa shida. Ndama alitanguliza mguu mmoja, mwingine umekunjwa ndani. Armel alikuwa Gikondo, akaniambia kwa simu la kufanya. Nilivua saa na pete, nikapaka sabuni hadi kwenye kiwiko. Salvator alimshika kichwa Sugi, akimwimbia kwa meno yaliyobana. Nilipata kwato, nikaifunika kwa kiganja isichane, nikaikunjua taratibu, na tukavuta pamoja na Sugi kila alipovuta yeye, si zaidi.

Jike. Alilala chini kama nguo iliyoloa, nikamsugua kwa majani makavu, nikampulizia puani, nikamtukana, naye akapiga chafya.

Nilipogeuka, Annick alikuwa amesimama kwenye mlango wa banda, viatu vya ofisini vimezama kwenye samadi. Hakuwa ameziba pua. Alikuwa analia na hakuonekana kulijua hilo.

Jumatatu, 25 Agosti

Tumefungua. Wateja kumi, pengine kumi na mmoja. Mmoja aliuliza tu.

Jumatano, 27 Agosti

Mgando umebaki. Salvator anasema tuweke muziki. Nimemwambia muziki ni yeye.

Jumapili, 31 Agosti

Nimempelekea Rutayisire kodi yake nyumbani kwake, mkononi, mbele ya mkewe. Ni hela za mwisho za Kibibi, si za vikombe, na nilimwambia hivyo; sikutaka adhani nimeshinda kabla sijashinda. Aliziweka mezani akazitazama.

"Dada, ungeniomba nikupunguzie."

"Najua."

Jumamosi, 6 Septemba

Mafundi wanaojenga bondeni, wale wale wa mabati, wamegundua duka. Wanakuja asubuhi na saa ya chakula cha mchana. Jana vikombe viliisha tukawa tunaosha huku watu wamesimama. Annick ananifanyia hesabu Jumamosi jioni, anakunywa kikombe chake, analipa. Ng'ombe watatu, mmoja akiwa ndiyo kwanza amezaa, wameleta wiki hii hela zaidi ya walizoleta wanne kwa wiki mbili za Juni kwa Silvère. Nilimwambia apige tena. Akapiga tena, akaudhika.

Alhamisi, 11 Septemba

Mvua ya kwanza. Imelowesha vumbi, basi.

Ijumaa, 12 Septemba

Silvère ameingia dukani.

Aliegesha pikipiki nje, akavua kofia, akasalimia kila mtu kama mwenye nyumba. Mafundi walikuwa wamejaa. Alisubiri hadi nikawa nimesimama peke yangu kwenye sufuria.

"Mama Shimwa, umefanya vizuri. Kweli kabisa. Sasa tuongee kama watu wazima. Mvua zinakuja, maziwa yatajaa kilima kizima, duka moja haliwezi kuyanywa. Nakuchukulia yote. Mia nne na hamsini."

"Na Ngabo unamlipa ngapi?"

"Ya Ngabo ni ya Ngabo."

"Mia tatu thelathini."

Aligeuza kofia mkononi.

"Ulibeba jeneza la mume wangu," nikamwambia. "Sijalisahau, na sitalisahau. Ndiyo maana nakuambia ndani, polepole, na si huko nje: maziwa yangu hupati. Ukitaka kunywa, kikombe ni mia tano. Kuna moto, kuna mgando."

Nilidhani atanitukana, na nilikuwa tayari. Alivaa kofia yake.

"Utanihitaji," akasema.

"Inawezekana. Bei utaikuta ukutani."

Jumatatu, 15 Septemba

Leo Ngabo amekuja dukani na dumu lake, amelibeba kichwani kutoka upande wa pili wa kilima, kwa miguu, na suruali imelowa umande hadi magotini. Aliliweka sakafuni, akasimama kando yake kama mtu aliyeleta mashitaka.

"Nimesikia unatafuta maziwa."

Sijamwambia mtu kwamba natafuta. Lakini mafundi wameongezeka, na jana tuliishiwa kabla ya saa tano.

"Wote wawili wazima?" nikamuuliza.

Alitazama viatu vyake, kama siku ile ya misa. Kisha akainua uso.

"Mmoja amechomwa sindano juzi. Yake nimeyamwaga nyumbani. Mke wangu amegoma kuongea na mimi."

Annick alikuwa ameketi mezani na kikokotoo chake, akaacha kubonyeza. Nilifungua dumu, nikanusa, nikapima, nikachemsha kidogo nikaangalia. Safi. Nikamwambia mia nne na hamsini kwa lita, leo na kila siku, na akimwaga anieleze amemwaga, dumu likiwa jepesi bei haitashuka.

"Mia nne angekubali," Annick akaninong'oneza Ngabo alipokuwa anahesabu hela zake.

"Nami ningekubali mia tatu thelathini," nikamwambia. "Nilikubali."

Nikamtilia Ngabo kikombe cha moto, nikafunga mandazi manne kwenye karatasi ampelekee mkewe.